Chini ya Dashibodi, Braamfontein

Ufundi nimeuanzia Gerezani, Dar es Salaam, miaka ya 1980, wakati spea zilikuwa adimu sawa na sukari na sabuni. Bushi ya Land Rover ikilika, hapakuwa na duka la kukimbilia. Mzee aliyenipokea gerejini alitafuta kipande cha shaba au nailoni nene, akakipeleka kwa mtu wa mashine ya kukereza, na sisi vijana tukakimalizia kwa msasa mpaka kikaingia bila kugongwa. Yeye ndiye aliyenizoesha kushika kila kiungo na kukitikisa kabla ya kufungua bolti hata moja. Kwa mazoea hayo nimekula na kulea watoto Afrika Kusini.

Nilivuka mpaka wa Beitbridge mwaka 1996, baada ya treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi na mabasi ya kuungaunga kupitia Zambia na Zimbabwe. Kazi niliipata Braamfontein, Johannesburg, kwenye gereji iliyokuwa chini ya jengo la zamani la matofali, si mbali na mtaa wa Juta. Ni kitongoji cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wits, cha maofisi, na pia cha makaburi. Humo makaburini amelala Enoch Sontonga, mtunzi wa Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ambao kwa tuni yake sisi Watanzania tunaimba wimbo wetu wa taifa. Kaburi lake lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka huohuo nilioingia. Jumapili za mwanzo, nikiwa sina ndugu wala jamaa mjini, nilikwenda kusimama pale, na nilirudi chumbani nikijiona nina haki ya kuwepo.

Gerejini nilikuta kazi nisiyoijua. Nilikuwa mtu wa Peugeot 404 na malori. Huku wazee walileta magari ya V8 yenye boneti ndefu, wakayapapasa kabla ya kukabidhi funguo. Wala si mapenzi ya kuazima Marekani tu. Basil Green wa Edenvale, mashariki mwa Johannesburg, aliichukua Ford Capri mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaitia V8 ya inchi za ujazo 302, akaiita Perana. Mwaka 1973 ikaja Chevrolet Firenza Can-Am, gari dogo lenye injini iliyotoka kwenye Camaro, yakaundwa magari 100 ili liruhusiwe mashindanoni. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa enzi hiyo. Walikwenda kwenye mashindano ya magari ya Kyalami wakiwa vijana, na walilitambua gari kwa mlio kabla halijakata kona.

Jina nililopata lilitokana na Mustang moja ya 1968, yenye 302 hiyohiyo, usukani bado kushoto kama ilivyotoka kwao. Mwenyewe alikuwa mhandisi mstaafu, mtu mpole. Alikwisha kulipa gereji nyingine fedha nyingi: giaboksi iliteremshwa, klachi pleti na presha pleti zikawekwa mpya. Bado gia namba moja ilikwaruza, rivasi iligoma, na mara kwa mara pedali ilibaki sakafuni hata aivute juu kwa ncha ya kiatu. Aliambiwa sasa giaboksi yenyewe imekufa.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikashika pedali ya klachi kwa mkono na kuivuta pembeni. Ilicheza. Nikavuta ya breki, nayo ikacheza. Hapo moyo ulinishtuka, kwa sababu kwenye gari hili pedali ya breki imening'inia kwenye mhimili uleule wa pedali ya klachi. Mhimili huo unapita kwenye bushi za nailoni ndani ya bracketi ya chuma. Bushi zikisagika, chuma kinakula chuma, na tundu la duara linakuwa la yai. Kila mguu unapokanyaga, sehemu ya mwendo inaishia kwenye ulegevu huo. Kinachobaki hakitoshi kuitenga klachi pleti na flaiwili, ndiyo maana gia zinalia. Mtu anadhani klachi imekwisha, kumbe amri ya mguu haifiki.

Kuanzia pedali hadi kwenye klachi hakuna kebo wala mafuta. Kuna fimbo inayopenya ukuta wa injini, inasukuma mhimili wenye umbo la Z uliolala kati ya bloku ya injini na chasisi, nao unasukuma fimbo ya pili. Kila kiungo hapo kina bushi yake. Nilizikagua zote, na maunti ya injini pia, maana injini ikiinama, mhimili huo unakaa upande.

Kijana wangu wa kazi alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Tulizungumza Kiswahili, chake na changu. Alipoiona springi nene ya pedali alirudi nyuma.

"Papa, hii ikiponyoka itavunja mkono."

"Ndiyo maana haivutwi kwa koleo, mwanangu. Isogeze pedali mpaka springi itanuke kabisa, uishikilie."

Springi ilipotanuka nikachomeka washa katikati ya mizunguko yake, moja baada ya nyingine. Alipoachia, ilibaki imetanuka, ikatoka kwa vidole. Tukaondoa fimbo ya klachi, fimbo ya breki na klipu, mhimili ukachomoka. Nilimwita mwenye gari ajionee matundu kwa macho yake. Alinyamaza, kisha akaniuliza kuhusu breki tu.

Bracketi niliitoa, ikajazwa welding na kutobolewa upya kwa kipimo. Kwenye mhimili wa pedali tulitia beringi za rola kutoka Marekani. Kwenye mhimili wa Z nilichagua nailoni, kwa sababu pale injini inatetemeka na nailoni inavumilia. Springi sikuirudisha. Ilikusudiwa kumsaidia dereva kukanyaga presha pleti ngumu ya zamani, na ile mpya ilikuwa ya daiaframu, nyepesi. Springi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiibana pedali sakafuni. Nikaacha mchezo wa milimita 25 juu ya pedali, nikatoka kujaribu gari: mtaa wa Jorissen na foleni yake, kisha Daraja la Nelson Mandela hadi Newtown na kurudi. Daraja hilo lilikuwa na miaka michache tu tangu lifunguliwe mwaka 2003. Rivasi iliingia kimya.

Giaboksi iliyosemwa imekufa haikuguswa. Tangu siku hiyo, walioniletea V8 zao waliniomba nianze na pedali.

Nasikitika ninapoona fundi kijana anakimbilia kazi kubwa kwa sababu ndiyo yenye hela, na mteja analipa asichokihitaji huku breki inaning'inia kwenye tundu lililoliwa. Ewe msomaji mwenye gari la zamani, hata kama ni pikapu ya shamba: kabla hujakubali giaboksi iteremshwe, mwambie fundi aingie chini ya dashibodi na tochi, akamate pedali na kuitikisa mbele yako. Ikicheza, anzeni hapo.