Kasha la Mukate kule Sorgue

Ukifika kusini ya Ufaransa, upande wa mashariki wa Avignon, kuko muji mudogo unaoitwa L'Isle-sur-la-Sorgue. Maji yanapita katikati ya nyumba, na magurudumu makubwa yangali yanazunguka ndani ya mito. Zamani yalisukuma mashini za sufu na hariri. Leo watu wanakuja, sana sana siku ya yenga, kununua vyombo vya wazee.

Usizani vyote vilitoka kwa wakubwa. Vingi ni vya jikoni ya wakulima. Angalia panetière: ni kasha la muti lenye vijiti vilivyochongwa vizuri, linatundikwa ukutani. Humo mama aliweka mukate, hewa ipite, panya wasifike. Chini yake kulikaa pétrin, sanduku la kukandia unga. Kabati la arusi nalo lilichorwa masuke ya ngano na njiwa.

Kuko na taa ndogo ya Pigeon, ya mwaka 1884. Ndani yake kuna pamba inayonywa esansi, ndiyo maana ikianguka haimwagiki ovyo na kuchoma nyumba. Nyingine zimetiwa ampuli. Hapo uliza kwanza nyuzi za umeme zina umri gani!

Na kabla ya kutoa feza, vuta mutoto wa meza, papasa chini yake. Randa ya mukono inaacha mabonde madogo. Ubao laini kabisa ni wa mashini. Muuzaji atakuambia bei. Panetière yenyewe iko tupu, ao wametia maua.