Daraja la Trekta Moja

Kazi zangu nyingi za Kigali zimekuwa misingi ya nyumba na kuta za kuzuia udongo. Mji umekaa juu ya vilima, kwa hiyo fundi wa mawe hakosi riziki: leo Gatsata, kesho Kimisagara, keshokutwa Rebero. Madaraja yalinijia ukubwani, nilipokwenda kufanya vibarua Kigoma, Tanzania, ambako vijijini yalijengwa madaraja ya matao ya mawe kwa msaada wa Ubelgiji. Tao halitaki nondo hata moja. Mawe yanagandamizana yenyewe, na mzigo ukipita juu yanazidi kubanana. Nilirudi Kigali, mtaani kwangu Biryogo, na ujuzi huo, nikakaa nao muda mrefu bila mtu kuuulizia.

Aliyeuulizia ni mama mmoja wa Masaka. Shamba lake linateremka hadi kwenye kijito kinachoelekea bonde la Rugende, lile la mpunga, na nusu ya shamba iko ng'ambo. Magogo ya mikaratusi aliyoyalaza yalitosha kwa ng'ombe na baiskeli. Kisha akanunua trekta kuukuu na tela lake.

"Fundi, hii trekta ni tani mbili na ushee," aliniambia. "Nipigie hesabu ya uzito huo."

"Uzito tutauweza, Mama. Kwanza nionyeshe maji yalifika wapi Aprili."

Jirani yake, mzee wa makamo, ndiye aliyetuonyesha: mabua ya mahindi yamenasa kwenye matawi ya mparachichi, usawa wa kifua changu. Na kijito chenyewe siku hiyo ungekiruka. Huko juu kilimani mabati na lami vimeongezeka. Maji yaliyokuwa yakinywewa na migomba sasa yanashuka yote kwa mkupuo mmoja.

Nikasema tao liwe la mita nne. Mama akaguna, kijito hakikufika mita mbili. Sikupunguza. Jirani mwingine alikuwa ametia mabomba mawili ya zege, mazuri kabisa, yakazibwa na matawi. Maji yakazunguka pembeni na kuondoka na barabara. Mabomba yamebaki pale mpaka leo, mazima, hayaendi popote.

Kibali tulikifuata kwenye ofisi ya sekta kabla ya jembe kugusa ukingo, maana kingo za mito nchini Rwanda zina ulinzi wa sheria. Misingi tukaishusha chini ya kitako cha kijito hadi udongo mgumu. Chini ya tao tukatandaza sakafu ya mawe, na upande wa chini, maji yakishapita tao, tukazamisha ukuta mfupi. Pale ndipo maji hupiga na kufukua. Ukuta huo hauonekani, na ndio ambao kila mwenye shamba huomba tuuache ili apunguze gharama.

Dereva wa trekta, kijana mpole, alitazama kamba nilizovuta akasema, "Mzee, tela halifuati njia ya trekta. Linakata kona kwa ndani." Kweli tupu. Tukaielekeza njia iingie darajani ikiwa imenyooka, na upana ukawa mita tatu na nusu.

Mawe ya tao hupangwa juu ya kiunzi cha mbao, kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, kiunzi kinalala. Jiwe la juu kabisa, la kufungia, nililichonga mwenyewe. Nikasema Bismillahi, nikaligonga kidogo kidogo huku nasikiliza. Lililolegea hutoa sauti butu. Lililobana hulia kama kengele. Mota ilipokomaa tukalegeza kabari zilizoshikilia kiunzi, kiunzi kikashuka, tao likabaki. Ndipo tukajaza changarawe na kuishindilia, pande zote kwa usawa.

Mama alitaka daraja la trekta yake tu. Siku hizi linavusha wanafunzi, maziwa, hata bibi harusi nimesikia.

Baada ya mafuriko ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, simu zimeongezeka. Wengi wananiita Julai, kijito kikiwa kimekauka, na wanataka bei papo hapo. Wewe unayefikiria daraja shambani kwako, vaa buti ukakitazame kijito Aprili, mvua ikinyesha. Piga alama kwenye mti maji yalipofika, ndipo utafute fundi.