Nesi Wenu, Sehemu ya 9: Mama Aliyelala Ukingoni Ndundu

 Nyie akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu, nimewaona, karibuni.

Wiki hii kliniki nimekutana na binti mmoja, mimba ya kwanza, miezi minane. Namuuliza, "Umejiandaaje kujifungua?" Ananijibu, "Nesi, huku kwetu mambo ni yaleyale tu. Nijiandae nisijiandae." Nimerudi nyumbani na hiyo kauli. Yaleyale? Hapana mdogo wangu. Ngoja nikusimulie.

Mimi nimezaliwa kusini ya mto Rufiji. Kabla yangu mama alibeba mimba nyingine. Uchungu ulimshika wakati wa masika, mto umefura, barabara tope tupu, magari yamekwama. Enzi hizo Ndundu hakuna daraja, ni kivuko, na usiku ule hakuna aliyethubutu kuvuka. Mama akalala ukingoni juu ya kanga, anatazama taa za ng'ambo. Kunakucha, mtoto kashafia tumboni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mto ulikataa."

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, karibu mita 970. Mara ya kwanza tunalivuka kwa basi, mama akachungulia dirishani mpaka tukamaliza. Akaniuliza, "Ndo hivi tu?" Kisha akalia. Mle ndani hakuna aliyejua analilia nini isipokuwa mimi.

Jamani, lile daraja halikuota kama mkoko. Historia yetu yote iko hivyo. Mwaka 1905 babu zetu waliosikia neno la Kinjikitile, kule Ngarambe, waliungana makabila kwa makabila kuwapinga Wajerumani. Maji hayakuzuia risasi, na njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi sana. Lakini lile wazo la kusimama pamoja halikuzikwa nao. Mwaka 1961 tukapata uhuru. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa kikundi, redio moja katikati, wakimaliza kusikiliza wanakwenda kuchimba vyoo. Ni bibi zako hao, wengine hata kusoma hawakujua.

Sasa sikia hesabu ya kazini kwangu. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanafariki kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Hayo ndo unayaita yaleyale?

Sikudanganyi kwamba tumemaliza. Hao 104 ni mama za watu. Na nyie wa visiwa vya delta, daraja haliwafikii. Bado mnategemea boti na maji kujaa. Mafuriko ya 2024 nayo tumeyaona wote. Ila kila kilichobadilika hapa kilibadilika kwa sababu kuna mtu hakukubali kusema "ndo ilivyo".

Kwa hiyo sehemu yako ni hii:

1. Hudhuria kliniki mapema, kadi usiiache.
2. Weka nauli pembeni, hata kidogo kidogo.
3. Chagua sasa hivi nani atakusindikiza na nani atabaki na watoto.
4. Wa delta, ongea na mwenye boti mapema. Mwezi wa tisa ukiingia, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo.
5. Ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, degedege, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza: usisubiri kukuche. Ondoka.

Yule binti nilimsimulia habari ya mama yangu. Alinyamaza, halafu akauliza, "Nesi, nauli ya kwenda hospitali usiku ni shilingi ngapi?"

Hapo nikajua tumeanza kuvuka.

Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu maziwa ya mwanzo. Mtumie huu ujumbe mjamzito mmoja unayemjua. Usiku mwema.