Huko Wanakusalimia?

Wiki ya pili nikiwa Brno kwa utafiti, mama akapiga simu kutoka Mhunze. Hakuuliza baridi wala chakula. "Mwanangu, huko wanakusalimia?"

Nikajibu haraka: Wacheki hawasalimiani, kwenye tramu kila mtu na simu yake. Daftarini nilishaandika hivyohivyo, nikadhani nimegundua kitu. Kwetu Usukumani, kumpita mtu asubuhi bila "mwangaluka" ni kumdharau.

Kisha jino likaniuma. Kwa daktari niliingia chumba cha kusubiri, nikakaa kimya. Akaingia bibi mmoja: "Dobrý den." Wote wakaitikia. Akaingia kijana, vilevile. Hata anayetoka aliwaaga asiowajua. Aliyeingia bila salamu ni mimi peke yangu.

Nikamkumbuka Hans Cory, mzaliwa wa Vienna. Aliishi Tanganyika miaka mingi kabla ya kuchapisha kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma, mwaka 1953. Mimi niliwahukumu watu kwa wiki mbili.

Usiku nikaifuta ile sentensi, nikampigia mama. "Wanasalimiana, mayu. Mimi ndiye nilikuwa sisalimii."

Akacheka. "Basi kesho uanze wewe."