Kupokezana Zamu Nyumbani

Wasichana wengi wa Kisangani hutamani kazi ya uuguzi, na akina mama wengine hurudi darasani wakiwa wamekwisha kuzaa. Ni jambo jema. Lakini ni wachache waambiwao mapema jinsi moyo unavyochoka katikati ya masomo, kazi na nyumba. Kwa hiyo naandika machache niliyoyaona katika miaka mitatu ya kujifunza, tangu 2012 hata 2015, nilipokuwa nikikaa Kabondo.

Alfajiri saa 11 nalishika njia ya Makiso kwa miguu, au kwa baiskeli ya abiria iitwayo toleka, kama fedha ilikuwapo. Mchana masomo, au mazoezi ya kazi hospitalini. Jioni niliuza unga wa muhogo na mafuta ya mawese sokoni, kwani ada ya chuo ilitoka humo. Mume wangu alifanya kazi katika mashua za mizigo ziendazo Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700 kwa mto, akikawia majuma mengi. Nyumbani walibaki watoto watatu na mama mkwe.

Mwaka wa pili usingizi ulinikimbia. Moyo ulienda mbio nikiwa nimelala, na mikono ikatetemeka nikishika sindano. Usiku mmoja nilijipima mapigo ya moyo: 112 kwa dakika, na darasani tulifundishwa kwamba mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Majirani walisema nimerogwa, afadhali niache shule. Mwalimu wetu mmoja alinisikiliza, akaagiza nipimwe malaria na upungufu wa damu, havikuonekana. Ndipo aliponieleza kwamba hofu ya siku nyingi huufanya mwili ukae kama wa mtu anayekimbizwa, ijapokuwa hakuna amkimbizaye. Kisha akaniuliza: "Wodini, zamu ikiisha, wafanyaje?"

Jibu kila mwanafunzi alilijua. Muuguzi haondoki mpaka amemweleza mwenzake hali ya kila mgonjwa, na kuandika dawa iliyotolewa, saa yake, na itakayofuata. Florence Nightingale, aliyefungua shule ya wauguzi London mwaka 1860, alilikaza sana neno hili: uangalizi mwema ni ule unaoendelea hata mwangalizi asipokuwapo.

Basi nikanunua daftari. Kila usiku niliandika chakula cha kesho, fedha iliyomo mkebeni, nani atateka maji, nani anakohoa. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 11, alimsomea. Mama alicheka, akasema: "Mwanangu, figa moja haliinjiki chungu. Sisi nasi ni mafiga yako."

Ukafika mtihani wa vitendo. Usiku wa kuamkia siku ile, mtoto mdogo alishikwa na homa. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakaona malaria, wakampa dawa ya kwanza saa 4 usiku. Ya pili ilipasa kufuata baada ya muda wa saa 8, yaani saa 12 asubuhi, nami nilipaswa kuondoka saa 11. Niliandika saa, idadi ya vidonge, na kwamba ale kwanza. Niliandika pia dalili za hatari: akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akishindwa kunywa, wasingoje, wampeleke hospitali mara moja. Nikawasomea mara mbili, nikaenda.

Sisemi kwamba hofu ilikwisha. Mbele ya watahini moyo ulidunda. Lakini ilikuwa hofu ya jambo moja, si ya mambo kumi. Na mwenye hofu ya jambo moja aweza kufanya kazi. Niliporudi nilikuta mstari mpya daftarini, kwa mwandiko wa mtoto: "Amekula uji. Amemeza. Analala."

Enyi mlio na mke, dada au binti katika shule ya uuguzi, msimwambie tu ajipe moyo. Mwulizeni: "Tukupokee zamu gani?" Nawe mwanafunzi, wasiwasi unaokunyima usingizi majuma kwa majuma si aibu wala si uchawi. Umweleze mwalimu au mganga wa hospitali, kama vile ungemshauri mgonjwa wako.