Binti Abdallah: Kumtafuta Bibi Katika Karatasi za Nyumbani

Katika ukoo wetu pana bibi mmoja ambaye watoto hufundishwa jina lake kabla ya kufundishwa herufi. Yeye ni mama wa mama yake nyanya yetu, na ndiye aliyeanzisha shamba lililo nje kidogo ya mji wa Malindi, ambalo mpaka leo tunachuma nazi na maembe yake. Jina lake hatulitaji hapa, kwa kuwa si jamaa wote waliopenda habari hizi zitoke nje ya nyumba. Tutamwita Bibi, na wanaotujua watatujua.

Habari tulizorithi juu yake zilikuwa fupi na za fahari. Alikuja kwa jahazi kutoka Lamu akiwa kigoli. Baba yake alikuwa mwungwana wa Lamu mwenye mashamba Malindi. Aliolewa na fundi wa majahazi, akazaa mabinti wawili, akafa mzee sana, akisali kwa kukaa. Nyanya yetu, aliyemdiriki, alizoea kutuambia kwamba Bibi alikuwa na chale mashavuni. Wakubwa walipoulizwa walisema ni chale za dawa, na mazungumzo yakageuzwa.

Tulianza kuzitafuta karatasi zake kwa haja ya dunia tu. Wajukuu wamekuwa wengi, baadhi yao wanataka kujenga, na ilibidi ijulikane shamba ni la nani na kwa hati gani. Khalati yetu mkubwa alitufungulia kasha la njumu lililokuwa chumbani mwake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha marekani kilichogeuka rangi ya chai, tukapata karatasi mbili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vijana wetu waliosoma Kiarabu cha shule walishindwa na mwandiko. Tulimwendea mwalimu mmoja mzee wa madrasa, aliyezoea hati za kale, akazisoma polepole kwa muda wa alasiri tatu, huku sisi tukiandika.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mahari. Tarehe yake ilikuwa ya miaka ya mwanzo baada ya 1300 Hijria, mwaka ambao ulianza Novemba 1882. Ilimtaja mume, kiasi cha mahari kwa riali, mashahidi wawili na walii. Walii alikuwa yule yule mwungwana wa Lamu tuliyehadithiwa. Khalati akafurahi, akasema, "Mwaona? Huyo ndiye babake." Mwalimu hakujibu. Alirudi juu ya karatasi, akaweka kidole mahali jina la Bibi lilipoandikwa, akasoma tena: fulani binti Abdallah. Kisha akatuuliza, "Huyu mwungwana aitwa Abdallah?" Hakuitwa Abdallah. Baada ya jina la walii palikuwa na maneno mawili ya Kiarabu ambayo maana yake ni "mwenye walaa wake".

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wanaijua hukumu hiyo, lakini tuieleze kwa ajili ya vijana. Katika fikihi, mtu akimwacha huru mtumwa hubaki baina yao kifungo kiitwacho walaa, na asili ya hukumu hiyo ni kisa mashuhuri cha Barira, aliyeachwa huru na Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu pwani, mwanamke aliyeachwa huru asiyekuwa na jamaa wa damu wa kumwozesha, huozeshwa na yule aliyemwacha huru. Ama jina la Abdallah, yaani mja wa Mwenyezi Mungu, ndilo lililozoeleka kuandikwa mahali pa baba kwa mtu aliyesilimu au aliyetoka utumwani, ambaye baba yake hakujulikana kwa waandishi. Kila mwanadamu ni mwana wa mja wa Mungu, kwa hiyo mwandishi hakusema uongo. Lakini hakusema pia baba yake Bibi alikuwa nani.

Kwa hiyo Bibi hakuwa binti wa mwungwana wa Lamu. Alikuwa mjakazi wake, kisha akawa huru wake.

Khalati alijifunika uso kwa leso. Mwalimu alikunja karatasi kwa adabu kama alivyoipokea, akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Hii si aibu yake. Kama pana aibu, ni ya aliyemnunua."

Tuliporudi nyumbani tulijaribu kuyaweka maisha yake mahali pake katika tarehe. Malindi, iliyokuwa imekufa kwa zaidi ya karne mbili tangu masheikh wake wahamie Mombasa wakati wa Wareno, ilianza kukaliwa upya mwaka 1861 kwa amri ya Sayyid Majid wa Unguja. Watu walihamia kutoka Lamu na kwingineko, wakapata ardhi tele iliyomea msitu. Ardhi haikuwa na thamani bila ya mikono, na mikono ilinunuliwa. Ndani ya miaka michache Malindi ikawa ghala la nafaka la pwani, mtama na ufuta wake ukipakiwa majahazini kwenda hadi Arabuni. Wengi wa waliolima mtama ule waliletwa kutoka pande za ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na kupakiwa majahazini. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Kwa umri wake, Bibi aliletwa kabla ya hapo, angali mtoto.

Hapo chale za mashavuni zikapata maana nyingine. Nchi gani hasa ilimzaa, na mamake alimwita nani siku ya kwanza, hakuna karatasi ya kutwambia. Jina tunalolirithisha watoto wetu ni jina alilopewa na waliomnunua, moja katika yale majina ya kutakia heri yaliyopewa wajakazi, mfano wa Faida na Zafarani. Hata habari ya jahazi la Lamu huenda ni kweli. Tulichokuwa hatukuambiwa ni kwamba katika jahazi lile alikuwa bidhaa.

Nyaraka ya tatu tuliipata katika kumbukumbu za serikali. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Wenye watumwa walipewa fidia, na watumwa hawakupewa ardhi. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye ardhi pwani aje kuidai mbele ya afisa, na isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Mwanamke asiyejua kuandika, asiyekuwa na baba wala kaka katika nchi hii, ambaye wakati huo alikwisha kufiwa na mumewe, alikwenda mbele ya afisa wa Kizungu kudai shamba. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza kwa mkono wa karani, mistari saba tu. Alisema kwamba pale palikuwa msitu, kwamba yeye na mwenzake waliufyeka kwa ruhusa ya walii wake, kwamba minazi aliipanda mwenyewe, na kwamba hakuna mtu aliyemzuia. Chini ya mistari hiyo pana alama ya dole gumba. Sote tulioiona tuliweka vidole vyetu juu ya kioo, kila mmoja kwa wakati wake, bila ya kuambizana.

Neno "mwenzake" lilitupita mara ya kwanza. Lilitusimamisha tuliposomewa karatasi ya pili ya kasha.

Karatasi hiyo ilikuwa ya wakfu. Bibi aliliweka shamba lake wakfu kwa dhuria wake, lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe, na dhuria wakitoweka mapato yaende msikitini. Mipaka yake minne imetajwa kama ilivyo ada, ukianza mpaka wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini. Baada ya kuwataja mabinti zake wawili, hati yasema kwamba theluthi ya mapato ni ya mwanamke mwingine, naye pia binti Abdallah, na dhuria wake baada yake, "kwa kuwa ni mjoli wangu, tulikuja pamoja". Neno mjoli limeandikwa kwa Kiswahili katikati ya Kiarabu. Huenda mwandishi hakupata neno la Kiarabu la kulitosha, au Bibi alikataa libadilishwe. Vijana wa siku hizi hawalijui neno hili. Wajoli ni watumwa wa bwana mmoja.

Na dhuria wa mjoli yule twawajua. Ni majirani zetu wa upande wa suheli, ambao nyumba zao ziko ndani ya shamba. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba wamekaa hapo kwa hisani ya wazee wetu. Wakati wa mavuno walipelekewa kapu la maembe, nao wakashukuru.

Usiku ule ukoo uligawanyika. Wapo waliosema karatasi irudi ndani ya marekani yake. Hoja zao hazikuwa za kijinga. Mmoja alisema binti yake ameposwa, na wakwe watarajiwa ni watu wa kuuliza asili, kwa hiyo neno hili likitoka posa itavunjika. Mwingine alisema theluthi ya shamba si kitu kidogo kwa watu wenye watoto wanaosoma. Wa tatu alisema Mwenyezi Mungu ameamrisha sitara, na kumfichua Bibi kaburini ni kumvunjia heshima.

Hoja ya sitara ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo tuliyoijibu kwanza. Sitara huwekwa juu ya dhambi na aibu, na kutiwa utumwani si dhambi ya aliyetiwa. Ummu Ayman, aliyemlea Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, na Mtume alimheshimu kama mama. Bilal alikuwa mtumwa. Katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwanasibisha watu na baba zao, na wale tusiowajua baba zao tumeambiwa kuwa ni ndugu zetu katika dini. Basi kumnasibisha Bibi na mwungwana wa Lamu ndiko kulikokuwa kumsingizia. Na ama theluthi, hati ya wakfu ni amana, na sharti la mwenye kuweka wakfu halibadilishwi na warithi kwa sababu limewawia zito.

Baba wa binti aliyeposwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba mkwe atakayekataa kwa sababu ya Bibi, ni heri akatae sasa.

Tulikwenda kwa majirani siku ya Ijumaa baada ya swala, wanaume na wanawake pamoja, tukiwa na nakala za karatasi zote tatu. Tuliketi na bibi yao mkubwa, ambaye macho yake hayaoni tena. Mwalimu alisoma wakfu wote mpaka mwisho. Alipofika neno mjoli, bibi yule alicheka kidogo, akasema, "Na nyanya yangu alikuwa akimwita hivyo hivyo. Mjoli wangu." Tukamuuliza kama walijua. Akajibu kwamba walijua siku zote, wao na mama zao. Tukamuuliza kwa nini basi hawakusema. Akasema, "Nyinyi mlikuwa mkitaka kuwa watu wa Lamu. Tungewatoaje?"

Kwa miaka yote ile watu waliokuwa wakipokea kapu la maembe mlangoni ndio waliokuwa wakituwekea sitara.

Shauri sasa liko kwa kadhi, kwa ridhaa ya pande zote mbili, ili theluthi iandikwe kwa jina la wenyewe na wakfu upate msimamizi. Posa haikuvunjika. Alhamdulillah, hata ingevunjika tungeshukuru. Khalati, ambaye alijifunika uso siku ile, ndiye sasa anayewasimulia watoto habari za Bibi, na husema waziwazi: alinunuliwa, akaachwa huru, akafyeka msitu, akapanda, akaweka wakfu, na hakumsahau mwenzake. Hiyo ndiyo nasaba tunayoirithisha, na twaona ni nasaba njema.

Kwenu ndugu zetu wa pwani, tunatoa nasaha chache. Makasha yenu yafungueni kabla mchwa hawajayafungua. Karatasi za kale msizibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki, bali zipigeni picha na mziweke mahali pakavu. Mtafuteni msomaji wa hati za kale angali hai, maana wanapungua. Waulizeni nyanya zenu juu ya wanawake, kwani wanaume wameandikwa majina yao misikitini na makaburini, na wanawake wengi wamebaki katika vipande vya mahari na wakfu peke yake. Na mkimkuta humo binti Abdallah, msiharakishe kumtafutia baba mkubwa. Huenda yeye mwenyewe ndiye mkubwa wa nyumba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi na mjoli wake, awakutanishe na mama zao waliowapotezea njiani, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana zao. Amin.