Salamu za Ruta

Aghalabu tunapojadili istilahi za teknolojia, sisi huanzia kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza, tukalitafutia kila neno kisawe. Mimi ningependa tuanzie kwenye mashine yenyewe. Katika chumba ninachoishi na mwenzangu mtaani Lurambi, Kakamega, mna ruta nne kuukuu zilizounganishwa kupitia swichi moja. Yeye husomea kompyuta, mimi Kiswahili. Kazi yangu ni kuyaeleza kwa Kiswahili anayoyafanya, naye hulikataa kila neno lisiloafikiana na kazi ya mashine.

Ruta hupitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mtu anaweza kuiandikia kila njia kwa mkono, lakini waya wa mbali ukikatika, njia hubaki imeandikwa vile vile na data ikapotelea humo. Itifaki ya uelekezaji badilifu huziachia ruta zenyewe kupashana habari. RIP, iliyo kongwe, huhesabu ruta zilizomo njiani tu, na mwisho wake ni 15. OSPF, ambayo toleo lake la pili lilisanifishwa mwaka 1998, huipa kila njia gharama kulingana na kasi yake. Atokaye Kakamega kwenda Eldoret aweza kupitia Chavakali na Kapsabet, au Malava, Webuye na Turbo. RIP ingehesabu miji. OSPF ingeuliza barabara ni pana kiasi gani, kisha ikachagua kwa mbinu aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959.

Kwa hiyo kisawe ‘kipanga njia’, tunachokikuta katika baadhi ya programu, hakiniridhishi sana. Anayepanga ni nani hasa, mashine au mtu?

Ubishi wetu mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya ujumbe mdogo ambao ruta za OSPF hutumiana kila baada ya sekunde 10. Nilipendekeza ‘hodi’.

“Hodi hupigwa na mgeni,” akasema mwenzangu, “na akishakaribishwa hapigi tena. Hizi haziachi. Moja ikinyamaza sekunde 40, wenzake huihesabu kuwa imekufa.”

Tukaafikiana juu ya ‘salamu’, na kadiri tulivyozidi kuchunguza ndivyo neno lilivyozidi kufaa. Ndani ya kila salamu mna orodha ya ruta zilizokwisha kusikika. Ruta haisadiki kwamba mawasiliano ni ya pande mbili mpaka ikione kitambulisho chake katika salamu ya mwenzake. Nani kati yetu huhesabu kuwa amesalimiana na mtu asiyemwitikia?

Ugumu ulibaki pamoja. Kwenye swichi moja, OSPF huteua ruta kuu na msaidizi wake. Nyingine hubadilishana hifadhidata na hizo mbili pekee. Ndiyo maana kati ya ruta zetu nne, mbili husalimiana mchana kutwa bila kufunguliana hifadhidata, jambo ambalo wanaoanza kujifunza hudhani ni hitilafu. Kiingereza kina maneno mawili kwa uhusiano huu. Sisi tuna ‘jirani’ kwa wanaosalimiana. Kwa wanaofunguliana nilipendekeza ‘mwandani’. Mwenzangu anadai lina mapenzi mengi mno kwa mashine. Bado tunabishana, na mwenye neno lifaalo zaidi na alilete.